Mwaka wa Mfupa na Mrija

Simu ya Nekesa ilinikuta jikoni kwangu Busia, upande wa Kenya, nikimenya ndizi, asubuhi ya Jumamosi. Hakuanza na salamu. "Sista, mzee amepumzika," alisema, na kabla sijapata la kujibu akaendelea kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya pili ya mpaka, Uganda, "Tangu jana asubuhi. Meno yake iko kwa kikombe. Ojiambo amejaribu kuweka, ameshindwa. Mimi mke ya mtoto yake hapana weza kugusa yeye, wewe najua. Kesho watu nakuja kumwona. Kuja, tafadhali." Nimehudhuria misiba mingi, lakini mimi, muuguzi wa meno, sijawahi kuitwa msibani kwa kazi. Nilikaa juu ya ndoo nikalia, kisu bado mkononi, na hata nikiwa nalia sehemu fulani ya kichwa changu ilikuwa imeshaanza maswali: tangu jana asubuhi ni saa ngapi hizo, taya litakuwa limekaza au limeshaanza kulegea, na zile skrubu mbili, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kutafuna, zimekaaje ndani ya ule mfupa tuliouotesha? Ndivyo nilivyoumbwa. Mama mmoja wa kanisani kwetu husema kwamba siku ya kiyama nitamchelewesha malaika nikitaka kujua parapanda yake imetengenezwa kwa madini gani.

Kabla sijatoka nilimpigia Daktari Oketcho, ambaye siku hizi amestaafu na anaishi Kampala na maua yake. Nilimwambia Mzee Wandera wa Masaba amefariki, na kwamba naitwa kwenda kumvika meno. "Yeye alikufa saa ngapi?" aliuliza. Nikamwambia. "Basi leo mchana taya nafunguka. Wewe naenda pole pole, hapana lazimisha. Na Sista." "Ndiyo, Daktari." "Angalia mfupa. Naambia mimi kama iko." Nikatia begini glavu, kioo kidogo cha kinywani na tochi, nikavuka mpaka nikiwa nimeupa kisogo mwaka huu tulio nao. Njia nzima mpaka Masaba nilikuwa katika mwaka ule mwingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimemaliza masomo ya uuguzi wa meno, na Daktari Oketcho alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na kufungua kliniki mjini Tororo, mtaa wa nyuma ya soko, katika nyumba ya zamani ya vyumba vitatu. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi moja refu ambalo wagonjwa walikaa wakipiga domo mpaka wakasahau maumivu. Cha kati kilikuwa na kiti cha matibabu, taa, na dirisha lililoonyesha mwamba wa Tororo ukiwa umejaza nusu ya mbingu. Cha nyuma ndicho kilichokuwa changu: jiko la kuchemshia vyombo kwa mvuke, makabati, meza ya bati, na harufu ya mafuta ya karafuu iliyoingia mpaka kwenye mkate. Nililala katika chumba kimoja uani, na siku za upepo tarumbeta la kambi ya jeshi ya Rubongi lilinifikia kitandani kabla ya jogoo. Chakula cha mchana tulikula pamoja, mimi na Daktari, kwenye meza ya bati, vyombo vikipoa pembeni: chapati iliyoviringishwa na mayai kutoka kwa kijana wa pembeni ya soko, au kalo, ule ugali wa mtama, na mchuzi wa karanga. Yeye Mjopadhola wa hapo hapo Tororo, mimi Msamia wa Kenya. Kiingereza kilikuwa cha kazini na Kiswahili kilikuwa cha chakula, na Kiswahili chake kilinivunja mbavu kila siku. Wagonjwa Wasamia walipokuja, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Nilijivunia kazi hiyo kupita kiasi, na nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mzee Wandera aliletwa mwezi wa kwanza na mwanawe Ojiambo, dereva wa malori ya masafa marefu ambaye nusu ya maisha yake ilikuwa ikiishia kwenye foleni ya mpakani Malaba, na Nekesa, mke wa Ojiambo. Mzee alikuwa na miaka sitini na kitu, mrefu, kofia mkononi. Alipofungua kinywa, mbele kwa chini hapakuwa na kitu. Wazee walimng'oa meno hayo alipokuwa mvulana, kama wenzake wa rika lake, na kwa miaka mingi pengo hilo lilikuwa fahari yake. Lakini meno yaliyopakana na pengo yalianza kulegea, yakaanguka moja moja, na ya bandia aliyotengenezewa yakawa yanaogelea mdomoni kama samaki. Akipiga chafya anayadaka. Nilipopitisha kidole juu ya ufizi wake wa mbele nilishtuka. Mahali palipotakiwa pawe na ukuta nilikuta ukingo mwembamba, kama wa sahani. Picha ya eksirei ya taya zima iliyopigwa Mbale ilionyesha vivyo hivyo. "Mfupa wote umekwenda wapi?" nilimuuliza Daktari mchana, mdomo umejaa chapati. Akacheka. "Mfupa ya taya nakaa kwa sababu ya jino. Jino naondoka, mfupa najiuliza, mimi nafanya nini hapa? Naye naondoka pole pole. Miaka hamsini!" Niliacha kula. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mfupa ni kitu kinachoweza kukata tamaa.

Mpango ulikuwa huu: kwanza tuuoteshe mfupa mpya pale mbele, tungoje nusu mwaka, ndipo tupande skrubu mbili za titani, na juu yake meno yanayobana kwa vifungo, ambayo mzee mwenyewe angeweza kuyatoa akayasugua. Nilipomweleza kwa Kisamia kwamba tutatumia unga wa mfupa, aliuliza bila kupepesa macho, "Mfupa wa nani?" Nikamwambia ni wa ng'ombe wa Ulaya, uliochomwa na kusafishwa ukabaki chembechembe tupu. "Dume au jike?" Nilimgeukia Daktari kumuuliza, naye akainua mikono. "Basi awe jike," mzee alisema. "Dume hawezi kutulia kinywani mwa mtu mwingine." Alitaka kujua pia kama zile chembe ndizo zitakazogeuka mfupa wake. Daktari alisema la, zile ni kama vijiti vya maharagwe: maharagwe hupanda juu yake, lakini maharagwe ni yake mwenyewe. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikatikisa changu, kwa sababu nilikuwa nimesoma jambo hilo miaka mitatu na ndiyo mara ya kwanza nalielewa. Kule mbele, benchi lilikuwa limesikia kila kitu. "Ati mfupa napandwa? Kama muhogo?" aliuliza mwanamume mmoja mwenye shavu lililovimba. "Wewe ngoja tu," akajibiwa, "mwaka ujao watapanda kichwa, na wewe utakuwa wa kwanza."

Nilichokuja kukijua kuhusu haja ya mzee sikuambiwa naye. Nilikisikia nikiwa nasugua koleo chumba cha nyuma, mlango umeachwa wazi, Nekesa akizungumza na mwanamke aliyekaa naye benchini. "Tangu mama mkwe akufe, ni mimi natwanga chakula ya mzee," alisema. "Nyama, mahindi, yote kwa kinu. Naweka kwa kigoda nje, nakohoa, naondoka. Yeye natoka, nageuza mgongo, nakula akiangalia migomba. Peke yake. Watoto wangu wakienda kwake anawafukuza." Yule mwanamke akasema pole. "Na chumvi ikipungua hapana sema," Nekesa aliendelea. "Hapana sema kitu. Mtu atasema nini, akitwangiwa kama mtoto na mke ya mtoto yake?" Kwetu mkwe na mkaza mwana hawakaribiani, hawagusani, hawali sahani moja, na kinywa cha mzee ni cha kufichwa hasa mbele yake. Nilisimama na koleo langu mkononi, maji yakinitiririka mpaka kiwikoni. Siku ile niliacha kuuona upasuaji ule kama somo tu. Nilitaka yule mzee ale mezani.

Tulimpasua mwezi wa pili, asubuhi ya joto, na sitaki kuficha kwamba nilifurahi kuliko inavyompasa mtu kufurahi karibu na damu. Daktari alifungua ufizi, mfupa ukaonekana, mweupe na mwembamba, akautoboa vitundu vidogo kwa makusudi ili utoe damu, maana damu ndiyo inayoleta mafundi wa kujenga. Nilichanganya chembe na damu ya mzee katika kibakuli cha chuma mpaka zikashikana kama mchanga wa mtoni. Akazipanga, akazifunika kwa utando mwembamba ili ufizi usikimbilie ndani na kujaza nafasi kabla mfupa haujafika, akashona. Kisha akavua glavu na kutoa maelekezo kwa Kiingereza, haraka haraka, kama alivyofundishwa, nami nikayageuza moja moja: asitafune, ale vya majimaji tena vya vuguvugu, asinywe pombe wiki mbili, asivute tumbaku, asivute mdomo ili kuchungulia kidonda, asukutue kwa maji ya chumvi. Moja lilikuwa kwamba asitumie mrija kwa mwezi mzima. Mbele ya macho yangu ikaja chupa ya soda, na ule mrija wa plastiki wenye mistari, na Mzee Wandera na kofia yake akiunyonya kama binti wa ofisini. Karibu nicheke. Nikaliruka neno hilo, nikaenda kwenye vidonge.

Nimejaribu mara nyingi kujielezea jambo hili na kila mara nashindwa. Mirija nimeiona tangu nilipoweza kuona: ule mwanzi mrefu kumpita mtu, wenye kichujio kidogo kilichosukwa mwishoni, ambao kila mzee anao wake, anauweka katika ala yake na kuubeba kwenda penye chungu cha pombe ya mtama, wakakaa duara, wakavuta na kuzungumza mpaka jua lishuke. Pengo la meno ya chini ndipo mrija unapokaa. Nayajua yote hayo. Lakini mbele yangu alikuwa daktari aliyesoma ng'ambo, akisema Kiingereza, na mimi kwa kutaka kuwa msomi kama yeye niliona mrija wa kule ng'ambo.

Alirudi baada ya siku tisa, Ojiambo akimshika mkono. Shavu lilikuwa limevimba, nyuzi tatu zimekatika, ufizi umefunguka, na chembe zetu zilizobaki zilikuwa zinaelea kwenye usaha. Daktari alizikwangua zote. Alipomaliza, alimuuliza mwenyewe, kwa Kiswahili, "Mzee, wewe alikula nini?" Mzee alijibu kama mwanafunzi aliyefanya vizuri. "Uji tu, Daktari. Pombe hapana, hata moja. Tena sikutaka uji iguse kidonda. Nimetoa mrija yangu ya pombe, nimeosha na maji ya moto, nimeweka kwa mdomo mpaka nyuma kabisa, nimevuta pole pole. Asubuhi na jioni." Alikuwa amefikiri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: alikuwa amekaa chini akafikiri namna ya kukilinda kidonda chetu, na uji wa mtama ni mzito, na kichujio cha mrija ni kidogo, na kila mvuto ulikuwa unauvuta ufizi kutoka kwenye nyuzi zake. Daktari aliweka chombo chini, uso umekunjamana. "Mrija? Hapana kuambiwa hakuna mrija?"

Mzee hakumtazama Daktari. Alinitazama mimi. Sijui aliona nini usoni mwangu. Nadhani yote yalikuwa yameandikwa pale kwa herufi kubwa. Kisha akasema taratibu, "Niliambiwa. Sista alisema. Ni kichwa ya mzee tu, ilisahau." Ojiambo akaanza kumlaumu baba yake kwa Kisamia, na mzee akamwachia alaumu. Daktari akavua glavu na kuzitupa. "Basi mimi nimemaliza," alisema. "Mtu hapana sikia, mimi hapana panda kwake mara ya pili. Atapoteza hata kile kidogo iko." Mzee aliinama, akaokota kofia yake, akanishukuru, akatoka. Ningeweza kusema wakati ule ule, maneno matatu tu, nikanyamaza.

Nilinyamaza siku kumi na tisa. Naijua hesabu kwa sababu nililala na kuamka nayo, na nilidhani ni mimi peke yangu ninayeijua. Nilijitia hamnazo kazini. Nilijiambia kwamba Daktari hasira zitamtoka, kwamba mzee alikuwa amezeeka, kwamba pengine mfupa ungekataa hata bila mrija. Nilijua nikisema nitafukuzwa, na sikuwa na woga wa kufukuzwa tu. Nilikuwa na woga wa kutouona mwisho wake, wa kutojua kama mfupa unaweza kweli kuota mahali ulipokufa. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Daktari naye hakunisaidia. Siku moja, akimega kalo, alisema, "Sista, wewe natafsiri vizuri. Bila wewe hii Wasamia yote ningekuwa naongea na ukuta." Niliinuka nikaanza kupanga koleo.

Jumapili ya siku ya kumi na nane nilikwenda Masaba, nikijidanganya kwamba nakwenda kutazama kidonda. Kidonda kilikuwa kinafunga vizuri. Nilikaa kwa Nekesa jikoni, akitwanga mahindi na maharagwe yaliyochemshwa mpaka yakawa rojo la rangi ya udongo. Alilitia bakulini, akalipeleka nje juu ya kigoda karibu na mlango wa nyumba ya mzee, akakohoa, akarudi bila kugeuka nyuma. Kupitia upenyo wa mlango wa jikoni nilimwona mzee akitoka. Alitazama kushoto na kulia, akachukua bakuli, akageukia migomba, na mabega yake yakaanza kwenda juu na chini. Mjukuu mmoja akamkimbilia, naye akampungia mkono arudi. Baadaye nilipokwenda kumuaga, aliniuliza kwa Kisamia, kwa ile sauti yake ya utani, "Yule ng'ombe wa Ulaya amekwenda wapi, Sista? Nilimmeza?" Nikacheka. Kisha nikalia pale pale mbele yake, na yeye akawa anatazama migomba kwa adabu mpaka nilipomaliza. Hakuniuliza nalia nini.

Kesho yake, kwenye meza ya bati, nilijikaza kisabuni nikamwaga yote. Daktari aliacha kutafuna. "Wewe hukumwambia," alisema. "Sikumwambia." "Kwa nini?" "Niliona mrija wa soda. Nikaona ni upuuzi." Alisukuma sahani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, lakini sauti yake ilishuka. "Kusahau, mimi nasamehe. Hata mimi nilisema mrija na sikufikiri mrija ya hapa ni gani, na mimi nimezaliwa hapa. Lakini wewe aliacha mzee abebe. Siku ngapi?" Nikamwambia. Alitoka nje, nikamsikia akimpigia Ojiambo simu uani: amlete baba yake, wangoje ufizi upone kabisa, wataanza upya. Hakunifukuza. Wiki nzima hakunisemesha ila majina ya vyombo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kisha akaja na sheria mpya, ambayo mpaka leo naifuata katika kliniki niliyopo Busia: mgonjwa hatoki mpaka arudie mwenyewe kila alichokatazwa, kwa lugha ya nyumbani kwake, na atuonyeshe kwa mikono chakula chake cha jioni atakilaje. Mengi nimeyaona kwa njia hiyo. Bibi mmoja alinionyesha kwamba hata samaki mkavu huwa anamfyonza.

Mara ya pili, mwezi wa tano, Daktari hakumtegemea ng'ombe peke yake. Alifungua nyuma ya taya, pale mfupa ulipokuwa bado mnene, akakwangua mfupa wa mzee mwenyewe, akauchanganya na chembe. Mzee, ganzi imemshika, alionyesha kwa kidole kwamba anataka kuona. Nilimsogezea kibakuli. Aliangalia ule mfupa uliokwanguliwa, mwekundu, kwa muda mrefu. "Hii ni mimi?" aliuliza, mdomo ukiwa mzito. "Ni wewe, mzee." "Basi nikikutana nayo kwa njia sitaijua," akasema, na Daktari ilibidi aweke kisu chini acheke. Nilipofika kwenye mrija nilisema mara tatu, na mzee akanionyesha kwa mikono jinsi atakavyokunywa uji kwa kijiko, mdomo wazi, akanitazama, na jicho moja likafumba kidogo. Siku hiyo nilijua kwamba hakuwahi kusahau kitu.

Kisha tukangoja, na kungoja mfupa ni kazi. Kila mwezi alikuja kwa ukaguzi, benchi likamjua. "Mzee, kimeota?" "Kimetoa majani," alikuwa akijibu. Mwezi wa kumi na moja picha ilionyesha kivuli kipana pale palipokuwa na ukingo wa sahani. Daktari alipofungua ufizi, ukuta ulikuwa pale. Alitoboa kwa mashine polepole, na kutoka kwenye shimo ikaja damu nyekundu, safi. Akasimamisha mashine. "Sista, ona. Ile kitu iliyokufa haitoi damu hivi." Niliinama mpaka paji langu la uso likagusa taa. Nimeona mambo mengi tangu hapo, lakini sijawahi kuona kitu kilichonifurahisha kama tundu lile dogo linalotoka damu. Skrubu mbili ziliingia zikabana.

Meno yaliwekwa baada ya miezi mitatu mingine, na Jumapili iliyofuata nilialikwa Masaba. Nekesa alichemsha mahindi na maharagwe, mazima, hakuna kinu. Meza iliwekwa uani, wajukuu wakazunguka, mzee kichwani mwa meza, na Nekesa, baada ya kuweka sufuria katikati kabla mzee hajatoka, alikuwa amerudi jikoni kwake kama ilivyo desturi, nami nikiwa naye. Tulitega masikio nje. Tulisikia kijiko, kisha tukasikia kutafuna, na watoto wakicheka kwamba babu anapiga kelele kuliko mbuzi. Kisha sauti ya mzee ikapazwa kuelekea jikoni, kavu, ya mwenye nyumba: "Nekesa! Chumvi imepungua!" Nekesa alijifunika uso kwa kanga. Nilidhani anacheka, na alikuwa anacheka, lakini kanga ilipoteremka ilikuwa imelowa.

Yote hayo yalikuwa nami nilipoingia uani kwake Jumamosi ile. Migomba ilikuwa imeongezeka. Mzee alilazwa sebuleni, kitambaa cheupe kimemfunga taya, na Ojiambo, mvi sasa kichwani, alinipa kikombe na kusimama pembeni akiangalia ukuta. Nekesa alibaki nje ya pazia. Nilifungua kitambaa. Taya lilikubali taratibu, kama Daktari alivyosema. Nikawasha tochi, nikaweka kioo, nikatazama: skrubu mbili, zimesimama kama siku zilipopandwa, ufizi umezikumbatia, na chini yake, kidole changu kilipopita, ukuta. Mnene. Haukuwa umekata tamaa. Nilivua glavu moja nikagusa tena kwa kidole kitupu, jambo ambalo halikuwa na sababu yoyote ya kitabibu. Kisha nikayaweka meno, nikabonyeza, na vifungo vikalia vile vile kama siku zote. "Imeingia?" Nekesa aliuliza nyuma ya pazia. "Imeingia," nikamwambia. Nilimfunga tena kitambaa, nikatoka uani, nikampigia Daktari. "Iko," nilisema. Akasema asante.

Nekesa aliniletea chai. Alisimama karibu nami kwenye mlango wa nyumba ya mzee, akasita, kisha akasema, "Iko kitu mzee alisema nisikuonyeshe akiwa mzima." Aliondoa ala ya mrija iliyokuwa imetundikwa kwenye mwimo wa mlango. Nyuma yake ubao ulikuwa na mistari mifupi, imekatwa kwa kisu, imekuwa myeusi kwa moshi na miaka. "Ile wakati kidonda iliharibika," alisema. "Kila asubuhi alikata moja. Alikuwa nasema kwa sauti mimi nisikie jikoni: leo Sista hajasema bado. Mimi nikamwambia, mzee, sema wewe mwenyewe, utakosa meno. Akakataa. Akasema, nikisema mimi, mtoto ya watu nafukuzwa. Akisema yeye mwenyewe, itakuwa muuguzi. Acha tungoje." Niliuliza kama hakuwa na wasiwasi kwamba sitasema kamwe. "Ile siku ulilia hapa, jioni alikata ile ya kesho mapema," Nekesa akajibu, "akasema imebaki hii moja tu."

Nilipitisha kidole juu ya mistari yote, mmoja mmoja, nikihesabu kwa sauti ndogo. Ilikuwa kumi na tisa. Mwaka ule wote nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikimngoja mzee apone.